Shajara ya mradi: kupunguza maulizo kwenye API ya mizani ya chai, Rungwe

Jumatatu, mwisho wa mwezi

Karani wa kituo kimoja upande wa Mwakaleli amepiga simu tena, na malalamiko ni yale yale. Akibonyeza "Taarifa ya mwezi" kwenye simu ya kazi, kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu programu inamwambia muda umekwisha. Wakati huo wakulima wamejipanga bandani, mvua inanyesha, lori la kiwanda liko njiani. Majani mabichi hayasubiri mtu: yakishachumwa yanaanza kunyauka na kupata joto ndani ya gunia, na yakichelewa kufika kiwandani chai yake inashuka daraja. Mkulima akiuliza kilo zake za mwezi zimefika ngapi, karani anarudi kwenye daftari la karatasi, lile lile tuliloahidi kulistaafisha.

Kwa anayeikuta shajara hii katikati: sisi ni ofisi ndogo hapa Mbeya mjini, maeneo ya Kabwe. Tunatunza mfumo wa mizani kwa chama cha wakulima wadogo wa chai wa Rungwe na Busokelo. Karani anapima, simu inatuma, API (mlango wa seva ambao simu huzungumza nao) inapokea na kutunza. API imeandikwa kwa Django 3.2 (zana ya kujengea programu za wavuti kwa lugha ya Python), kanzidata, yaani ghala la takwimu, ni PostgreSQL. Majedwali yanayohusika ni wakulima, vituo, makarani, mapimo (kila mara mkulima anapopandisha gunia mzanini ni mstari mmoja), makato, na malipo.

Mapendekezo yalimiminika kabla hata ya chai ya saa nne. Mmoja anataka seva kubwa zaidi. Mwingine anataka faharasa (orodha za kuharakisha utafutaji) ziongezwe kwenye kila safu. Wa tatu anasema tuweke majibu kwenye hifadhi ya muda, tuyarudishe hayo hayo kwa dakika kumi. Hilo la mwisho lilinichekesha kidogo: mkulima amepima sasa hivi, anaangalia skrini kwenye bega la karani, na gunia lake halimo. Hapo hata kama hesabu ni sahihi, imani imeondoka.

Nimeomba jambo moja tu. Asiguse mtu msimbo mpaka tujue ombi moja la taarifa linaiuliza kanzidata mara ngapi.

Jumanne

Tulianza pale kila mtu anapoanza, kwenye kumbukumbu ya maulizo ya polepole. Tuliiweka `log_min_duration_statement` kwenye milisekunde 200 zamani. Tukafungua: hakuna kitu, safi kabisa. Kwa kumbukumbu hiyo mtu angeapa kwamba kanzidata haina tatizo na kosa ni la mtandao wa Mwakaleli.

Kumbe kipimo chenyewe hakiwezi kuuona ugonjwa huu. Kumbukumbu ile inakamata ulizo moja linalochukua muda mrefu, na letu ni maulizo maelfu yanayochukua muda mfupi. Kila moja likipita peke yake linaonekana mtoto mwema.

Kilichotufumbua macho ni `pg_stat_statements`. Kiendelezi hiki lazima kitajwe kwenye `shared_preload_libraries` na seva ya kanzidata iwashwe upya ndipo kifanye kazi. Chetu kilikwisha wekwa na mtu aliyekuja kabla yetu, Mungu ambariki. Kinayaweka pamoja maulizo yanayofanana, thamani zake zikiwa zimeondolewa, na kuhesabu kila aina imeitwa mara ngapi. Wengi huyapanga kwa muda wa wastani. Sisi tuliyapanga kwa safu ya `calls`, kuanzia kubwa. Juu kabisa kulikuwa na ulizo la kutafuta karani kwa namba yake. Karani! Chama kizima kina makarani wachache wanaofahamika kwa sura, na bado tunawatafuta kuliko kitu kingine chochote.

Ili tupate hesabu isiyobishaniwa tulijaza kituo cha mfano kwenye kanzidata ya majaribio: wakulima 180, kila mmoja mapimo manane ya mwezi na makato matatu. Halafu tukaomba taarifa mara moja na kuhesabu.

Ulizo la kwanza linaleta wakulima wa kituo. Hapo sawa. Kisha msimbo unaingia kwenye kitanzi, na kwa kila mkulima unauliza jina la kituo, mapimo, makato, na malipo ya mwisho. Hayo ni manne mara 180, yaani 720. Halafu kwa kila pimo unauliza jina la karani aliyepima: 1,440. Ukijumlisha na lile la kwanza unapata 2,161, kwa skrini moja.

Hakuna aliyeandika maulizo hayo kwa mkono, na ndiyo maana yalijificha. Aliyeandika `pimo.karani.jina` aliona nukta mbili, hakuona safari ya kwenda kanzidata na kurudi. Django haileti kitu mpaka ukiguse, na ukikigusa inakwenda kukileta kimyakimya. Seva ya API na ya kanzidata kwetu ni mashine mbili tofauti. Hata safari moja ikichukua milisekunde moja tu, hizo ni sekunde mbili zimekwenda barabarani kabla Python haijaanza kujenga vitu vyake, ambayo nayo si kazi ndogo. Na mwisho wa mwezi makarani wote wanabonyeza kitufe hicho asubuhi moja, kila mmoja ameshikilia muunganisho wake na wengine wako foleni.

Nilimweleza dereva wetu, ambaye amewahi kuendesha lori la majani, akaelewa kuliko baadhi ya wahandisi: ni sawa na lori kupita mlango kwa mlango kubeba gunia moja, kulipeleka kiwandani Katumba, na kurudi kubeba la jirani. Akaniuliza, "Sasa vituo vya kukusanyia mlivisahau?"

Kuna jambo dogo hapa ambalo wachache hulijua. Jina la kituo linaulizwa mara 180 kwa sababu tunachuja wakulima kwa namba, `filter(kituo_id=...)`. Kama tungekuwa na kitu cha kituo mkononi na kupitia `kituo.wakulima.all()`, Django ingejua kituo chao tayari na isingeuliza tena. Sentensi mbili zenye maana moja, na tofauti ya maulizo 180.

Jumatano

Siku nyepesi. `select_related` kwa kituo na kwa karani. Mstari mmoja unapoelekeza kwenye mstari mmoja, JOIN (kuunganisha majedwali ndani ya ulizo moja) inatosha: jina linakuja na ulizo lile lile. Yale 180 ya kituo na 1,440 ya karani yameondoka. Tumebaki na 541. Umeme ukakatika saa nane, tukafunga.

Alhamisi

Mapimo, makato na malipo ni habari nyingine kwa kuwa mkulima mmoja ana mistari mingi. Hapa kuna `prefetch_related`: inachota mapema kwa mkupuo. Inakusanya namba za wakulima wote waliokwisha kuja, inatuma ulizo moja lenye `WHERE mkulima_id IN (...)`, kisha inagawa majibu kwa kila mkulima ndani ya Python. Ulizo moja kwa kila uhusiano, wawe wakulima kumi au mia tano.

Tuliongeza mahusiano hayo matatu na kuhesabu tena. 544.

Soma tena: yalikuwa 541. Yameongezeka matatu.

Sababu iko kwenye sehemu inayotengeneza JSON, muundo wa maandishi ambao jibu hutumwa nao kwenye simu. Iliandikwa zamani hivi: `mkulima.mapimo.filter(tarehe__gte=mwanzo)`, makato vivyo hivyo, na kwa malipo `mkulima.malipo.order_by('-tarehe').first()`. Kilichochotwa mapema kinatumika tu ukiomba `mkulima.mapimo.all()`, yaani kile kile kilichochotwa. Ukiweka `filter` au `order_by` mpya juu yake, Django inaona umeuliza swali jingine, inakiacha kile ilichokwisha leta, na kwenda tena kanzidata. Kwa hiyo tumelipa nauli ya mkupuo na ile ya mlango kwa mlango pia. Kibaya zaidi, mkupuo wenyewe ulileta mapimo yote ya mkulima tangu aandikishwe, si ya mwezi huu tu. Matumizi ya kumbukumbu (RAM) ya seva yalipanda bila faida yoyote. Kwa hiyo mtu anayebandika `prefetch_related` na kuondoka bila kuhesabu anaweza kuwa ameharibu zaidi ya alivyokuta.

Dawa ni kuupeleka mchujo ndani ya mkupuo wenyewe, na matokeo kuyapa jina lake:

    Prefetch(
        'mapimo',
        queryset=Pimo.objects
            .filter(tarehe__gte=mwanzo, tarehe__lt=mwisho)
            .select_related('karani')
            .order_by('tarehe', 'id'),
        to_attr='mapimo_ya_mwezi',
    )

Jina la `to_attr` napendelea liseme wazi ni nini. `mapimo_ya_mwezi` ni orodha ya kawaida ya Python. Mtu akijaribu kuiwekea `filter` atapata kosa papo hapo badala ya kupata polepole isiyoonekana. Napenda programu inayoanguka kwa kishindo.

Malipo ya mwisho yalihitaji akili kidogo, kwa sababu hatutaki kuchota malipo ya miaka ili tuchukue moja. Kuanzia Django 4.2 unaweza kukata kipande ndani ya `Prefetch`. Sisi bado tuko 3.2. PostgreSQL ina `DISTINCT ON`: panga kwa mkulima na tarehe kushuka, chukua mstari wa kwanza wa kila mkulima. Kwenye Django ni `.order_by('mkulima_id', '-tarehe').distinct('mkulima_id')`. Kwenye kanzidata nyingine haifanyi kazi, lakini hatuna mpango wa kuhama.

Hesabu sasa: 4. Nikabadilisha kituo cha mfano kiwe na wakulima 360. Bado 4. Namba niliyokuwa naitafuta ni hii, na sikuwa naitafuta kwa milisekunde. Milisekunde hutegemea siku, mtandao, na nani mwingine yuko kwenye seva. Idadi ya maulizo isiyopanda wakulima wakiongezeka haitegemei hali ya hewa ya Tukuyu.

Ijumaa

Ya leo ni ndefu.

Tuna mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kutoka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Asubuhi alikuja na hoja nzuri sana: "Kaka, kwani skrini ya karani inaonyesha mapimo? Si inaonyesha jumla tu?" Ni kweli. Ile orodha inaonyesha jina, jumla ya kilo, jumla ya makato, malipo ya mwisho. Mapimo moja moja yanaonekana ukigusa jina la mkulima. Sisi tunatuma mapimo 1,440 pamoja na jina la karani kila mstari, yanapita kwenye mtandao wa Mwakaleli unaoshika ukisimama upande mmoja wa banda, kisha simu inajumlisha na kuyatupa. Maulizo tumeyapunguza lakini mzigo bado ni ule ule.

Halafu akaonyesha tawi lake, yaani nakala ya msimbo aliyoifanyia kazi pembeni. Ulizo moja tu, la kifahari: wakulima, kisha `annotate(kilo=Sum('mapimo__kilo'), makato_jumla=Sum('makato__kiasi'))`. Majaribio yake yote yalipita. Kutoka manne kwenda moja, na alikuwa na haki ya kutabasamu.

Nikamwomba achukue karatasi. Mkulima mmoja, mapimo manane yenye jumla ya kilo 116, makato matatu yenye jumla ya shilingi 40,000: mbolea, ada, na mkopo mdogo. JOIN ya mapimo inatoa mistari minane. Ongeza JOIN ya makato kwenye mistari hiyo hiyo. Kanzidata haijui kwamba pimo la Jumanne halina uhusiano wowote na kato la mbolea. Kinachowaunganisha ni mkulima tu, kwa hiyo inaoanisha kila pimo na kila kato. Nane mara tatu, mistari 24. Kila pimo limejitokeza mara tatu na kila kato mara nane. Jumla ya kilo inatoka 348. Makato yanatoka 320,000.

Kwa nini majaribio yalipita? Kwa sababu mkulima wake wa mfano alikuwa na pimo moja na kato moja, na moja mara moja ni moja. Hitilafu hii inasubiri takwimu za kweli ndipo iamke. Nyaraka za Django zenyewe zinaonya kuhusu kujumlisha zaidi ya uhusiano mmoja kwa pamoja, lakini onyo limo katikati ya ukurasa mrefu, na nani anasoma hadi huko.

Akajaribu njia ya mkato: `Sum(..., distinct=True)`. Hii ni hatari kuliko ya kwanza kwa sababu inakaribia ukweli. `distinct` hapa inaondoa thamani zinazofanana, haiangalii kama ni mistari tofauti. Mkulima aliyepima kilo 14.5 Jumatatu na kilo 14.5 Alhamisi atahesabiwa 14.5 mara moja tu. Kilo zimepotea, na hakuna hata mstari mmoja wa kosa kwenye kumbukumbu.

Mhasibu wa chama alikuwa amepita ofisini kuchukua karatasi zake, akasikia tunabishana. Nikamwonyesha zile namba mbili. Akazisoma, akavua miwani.

"Mwanangu, mkulima akiona kilo zimezidi hatakupigia simu. Akiona makato yamezidi atakuja na ukoo mzima."

"Ndiyo mama, ndiyo maana hatuiweki."

"Na hiyo iliyopungua kidogo je?"

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

"Hiyo atakuja na mwanasheria," akasema, na kuondoka na karatasi zake.

Tulichokubaliana: hoja ya mwanafunzi ibaki, njia ibadilike. Jumla za kilo zinakuja kwa ulizo lake, zimekusanywa kwa `mkulima_id`. Jumla za makato kwa ulizo lake. Kila moja tunaigeuza kamusi ya Python, namba ya mkulima kwa jumla yake, na kuziunganisha wakati wa kutengeneza JSON. Unaweza pia kutumia `Subquery` (ulizo ndani ya ulizo) na kubaki na ulizo moja, ila kwa timu yetu kamusi mbili zinasomeka na mtu yeyote saa tano usiku. Maulizo yamebaki manne, lakini kila moja linaleta mistari isiyozidi idadi ya wakulima badala ya 1,440. Anayegusa jina la mkulima anapelekwa kwenye njia nyingine ya API inayoleta mapimo ya mkulima huyo peke yake. Asiyekuwa na pimo mwezi huu hayumo kwenye kamusi, kwa hiyo anapewa `Decimal('0')`, siyo tupu. Na ni `Decimal` kila mahali. Mahesabu ya pesa kwa `float`, ambayo hukadiria desimali, hatuyagusi.

Tawi la mwanafunzi limeingia, kwa jina lake.

Jumamosi, nusu siku

Toleo la zamani na jipya tumeyaendesha sambamba juu ya nakala ya kanzidata halisi, kituo kwa kituo, na kulinganisha JSON. Jumla zote zinafanana. Tofauti zilizotokea zilikuwa za mpangilio tu: kwenye ukurasa wa mkulima mmoja, mapimo yalikuja kwa mfuatano tofauti. Toleo la zamani halikuwa na `ORDER BY`, na PostgreSQL haijawahi kuahidi mfuatano wowote usipouomba. Ulikuwa unatokea sawa kwa bahati. Tumeuomba.

Jumatatu, wiki inayofuata

Upande wa kuandika. Simu ikipata mtandao inatuma mapimo yote ya asubuhi, na API inayapokea moja moja: inatafuta mkulima, inatafuta karani, inaangalia kama pimo lilikwisha fika, inahifadhi. Maulizo yasiyopungua manne kwa kila gunia.

Sasa simu inatuma fungu zima kwa ombi moja. Namba za wakulima zinakusanywa na kutafutwa kwa `in_bulk`, inayorudisha kamusi; asiyekuwemo anarudishwa kwa karani na sababu yake, bila kuzuia wengine. Mapimo yanaingia kwa `bulk_create`, na kila pimo lina UUID (namba ya utambulisho isiyojirudia) iliyotengenezwa na simu yenyewe pale mzanini. Hilo la UUID ni la lazima kwa mazingira yetu. Mtandao ukikatika baada ya seva kuhifadhi lakini kabla jibu halijafika, simu itatuma fungu lile lile tena, na mkulima asilipwe mara mbili kwa gunia moja. `ignore_conflicts=True` inaruka yaliyokwisha ingia. Ila inaruka kila mgongano wa upekee, siyo wa UUID tu, hivyo namba ya risiti iliyojirudia kwa makosa nayo ingemezwa. Kwa hiyo kabla ya kuandika tunauliza mara moja ni UUID zipi tayari zipo na namba za risiti zipi tayari zimetumika, na risiti zinazogongana zinarudi kwa karani.

Jambo lililotaka macho: `bulk_create` haiiti `save()` wala haipigi ishara za `post_save`, zile zinazoamsha kazi nyingine kitu kikishahifadhiwa. Tulikuwa na ishara inayoongeza jumla ya kituo kila pimo linapoingia, ile inayosomwa na dereva wa lori kujua kama kituo kimejaza mzigo wa kutosha kumpitisha. Ishara imeondolewa, na jumla inaongezwa kwa ulizo moja la `UPDATE` mwishoni mwa fungu, ndani ya muamala ule ule: yote yanaingia au hakuna kinachoingia.

Jumatano

Dashibodi ya ofisi ya chama inatumia GraphQL (lugha ya kuiuliza API), na huko dawa ya wiki iliyopita haiingii vizuri. Kuchota mapema kunataka ujue kitakachohitajika. Kwenye GraphQL anayeamua ni anayeuliza: leo anataka wakulima na kilo, kesho anataka wakulima na makarani wao. Ukichota kila kitu kwa kila anayeuliza, umerudi kwenye mzigo wa bure.

Tumetumia mtindo wa DataLoader, uliotoka Facebook. Toleo lao la JavaScript liliwekwa wazi mwaka 2015 na sasa lugha nyingi zina lake. Kila sehemu ya jibu inapohitaji karani namba 7 haiendi kanzidata. Inaacha namba kwa DataLoader na kusubiri. Sehemu zote zilizo tayari zikishaacha namba zao, DataLoader inazichukua kwa pamoja, inaondoa zilizojirudia, na kuita fanksheni yetu mara moja ikiwa na orodha nzima.

Fanksheni hiyo ina sharti moja lisilo na mzaha: majibu lazima yawe mengi sawa na namba zilizoombwa, na kwa mfuatano ule ule. Kanzidata haitoi hivyo. Ukiomba 7, 3, 9 na namba 3 haipo, unapata mistari miwili kwa mfuatano wowote. Ukiirudisha kama ilivyo, bahati nzuri ni maktaba kukataa kwa kuwa urefu haulingani. Bahati mbaya ni urefu kulingana na mfuatano kutofautiana: kilo za mkulima mmoja zinaonekana chini ya jina la mwingine, na kila kitu kinaonekana kizima. Kwa hiyo tunageuza matokeo kuwa kamusi kwanza, kisha tunapita kwenye orodha ya namba na kuchukua moja moja, asiyekuwepo anapata `None`.

La pili: DataLoader inakumbuka ilichokwisha leta. Inatengenezwa upya kwa kila ombi na kufa nalo. Ikiachwa hai kwenye seva, mtumiaji mmoja anaweza kuonyeshwa kilichochotwa kwa ruhusa za mwingine, na takwimu zilizopitwa na wakati juu yake.

Alhamisi

Majaribio ya ulinzi. `assertNumQueries(4)` kwenye taarifa ya kituo, na kando yake jaribio ninaloliamini zaidi: tengeneza kituo chenye wakulima watatu, hesabu maulizo kwa `CaptureQueriesContext`, kifanye kiwe na thelathini, hesabu tena, zikitofautiana, jaribio linaanguka. La kwanza huwakera watu kwa sababu kila ulizo jipya halali linalivunja, na wanaishia kubadilisha namba bila kufikiri. La pili halijali kama ni manne au sita, linajali kama yanakua. Kila mkulima wa mfano ana mapimo zaidi ya moja na makato zaidi ya moja. Hilo limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya faili.

Kwenye seva ya majaribio kila jibu sasa linabeba kichwa chenye idadi ya maulizo. Kijana wa programu ya simu ndiye wa kwanza kukitumia: amegundua ukurasa wa wasifu wa karani una 61. Ni kazi ya saa moja, ameichukua mwenyewe.

Ijumaa

Toleo limekwenda kwenye vituo vyote asubuhi. Karani wa Mwakaleli alipiga simu kabla ya saa nne. Nikajiandaa.

"Kaka, hii namba inakuja kabla sijashusha kidole. Ni ya kweli au ni ya jana?"

Nikamwambia apime gunia moja na aangalie tena. Kimya kidogo, nikasikia mzani, sauti za watu. "Imeongezeka. Haya, ndaga." Ndiyo asante ya Kinyakyusa. Akakata. Kuna lori la kupakia.

Seva haijaongezwa ukubwa. Faharasa imeongezwa moja tu, ya `(mkulima_id, tarehe)` kwenye mapimo. Faharasa ya `mkulima_id` peke yake ilikuwepo, kwa sababu Django huiweka yenyewe kwenye kila ufunguo wa kigeni, yaani safu inayoelekeza kwenye jedwali jingine. PostgreSQL peke yake haiweki.

Kilichobaki ni hati ya malipo ya chama kizima, ile PDF ya mwisho wa mwezi. Inapita kwa wakulima wote kwa `.iterator()` ili isijaze kumbukumbu, na kabla ya Django 4.1 `iterator` ilikuwa inapuuza `prefetch_related` bila kusema neno. Kwa hiyo huko bado tunakwenda mlango kwa mlango. Mpango ni kuchukua wakulima 500 kwa fungu na kuita `prefetch_related_objects` juu ya kila fungu, mpaka tutakapopanda toleo. Kadi nimeiandika. Itaanza baada ya malipo ya mwezi huu kutoka, maana mhasibu ametukataza kugusa faili lolote lenye neno "malipo" kabla ya siku hiyo, na mimi sina hoja ya kumshinda.